Andika jina lake kwa kitabu

Wasee, hii posti ni ndefu na haina video. Kama bando yako ni ya kuhesabu, ihifadhi usome usiku.

Mwaka uliopita nilishikwa Ijumaa jioni, kwa mji mmoja wa huku kwetu katikati ya Meru na Embu. Nilikuwa narekodi kanjo wakibeba ndizi za mama mmoja anayeuza kando ya barabara. Karao wawili wakaja, wakauliza nani amenituma, wakachukua simu. Kituoni wakataka namba ya siri ya simu. Nikakataa. Hapo ndipo nikatolewa kwa selo ya wengine, nikapelekwa chumba kidogo pembeni, bila taa, kina harufu ya mafuta ya taa na matairi. Mlango ukafungwa. Nililala huko peke yangu usiku mmoja.

Usiku mmoja tu. Nasema mapema ndio msinionee huruma, kwa sababu leo siongei kuhusu mimi. Naongea kuhusu shosho.

Shosho alifika Jumamosi asubuhi na flaski ya chai. Mama wa ndizi ndiye alikuwa amepeleka habari nyumbani. Kwa meza ya mapokezi akaambiwa hakuna mtu kama huyo hapa. Shosho hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi na kusema, "Sawa. Basi andika jina lake kwa kitabu, mimi nangoja." Wakamwambia tena hayuko. Akasema tena, "Andika jina lake kwa kitabu." Aliendelea hivyo hadi saa nane mchana. Mwishowe ofisa mwingine aliyeingia zamu akafungua kitabu cha OB, akaandika jina langu, akaniita nitoke nihesabiwe. Baada ya hapo nilirudishwa kwa selo ya wengine. Jumatatu niliachiliwa bila shtaka.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza mbona alikazana na kitabu badala ya kuomba niachiliwe. Akanijibu kama anaongea na mtoto: "Baba yangu hakuwa kwa kitabu."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya nisome kwa miezi. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mimi si wakili wala mwanahistoria. Lakini nimeelewa kitu kimoja. Yale masaa 24 ambayo tunayasema kwenye komenti kama mstari wa kuchekesha, "masaa 24 nipelekwe kortini", yana historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea huku kwetu.

Mchele wa pishori

Tuanze na chakula. Pishori ya Mwea unaijua. Harusi ya Embu bila pishori ni mkutano tu. Sasa hapo Mwea leo ni Kirinyaga, lakini miaka ya 1950 Kirinyaga yote ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Na mifereji ya kwanza ya ule mradi wa mpunga ilichimbwa na watu waliokuwa kizuizini. Watu hao hawakuwa wafungwa waliohukumiwa. Wengi wao hawakuwahi kusimama mbele ya hakimu hata siku moja.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Kuanzia hapo mtu angeweza kuzuiliwa kwa karatasi yenye sahihi, bila kesi. Sheria hizo ziliwalenga hasa watu wa makundi matatu: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi kwa ile operesheni iliyoitwa Anvil, na hao watatu ndio waliokuwa wakitolewa kwa foleni. Mtu alipita mbele ya mtoa habari aliyefunikwa gunia kichwani, na kichwa kikitingishwa tu, maisha yako yamebadilika. Kufikia mwisho wa 1954, kwa hesabu ya serikali yenyewe, watu zaidi ya 70,000 walikuwa kambini.

Baba ya shosho alikuwa mmoja wao. Alitoka nyumbani upande wa Runyenjes kwenda kutafuta kazi Nairobi, na kwa miaka minne hakuna aliyejua kama yuko hai. Mama yake alikuwa amehamishwa na watoto hadi kwa kile kijiji cha dharura kilichozungukwa na mtaro wa miti iliyochongwa. Alienda kwa ofisi ya chifu kuuliza, akaambiwa jina hilo halipo. Alirudi kuuliza mara nyingi. Halipo.

Kambi za Mwea, kama Kandongu, Gathigiriri na Thiba, zilikuwa na mbinu yao. Kuanzia 1957 zilisimamiwa na ofisa kijana aliyeitwa Terence Gavaghan. Kazi ilikuwa kuwavunja wale waliokataa kukiri kwamba walikula kiapo. Waliletwa kidogo kidogo, wakatenganishwa na wenzao, wakawekwa katikati ya watu waliokwisha kukubali, wakapigwa siku ya kwanza tu ya kufika. Wazo lilikuwa kwamba mtu akiwa na wenzake ana nguvu, ukimtoa kwa wenzake anapasuka. Mwaka huohuo wa 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana waraka wa siri akieleza jinsi nguvu hiyo inavyoweza kutumiwa na bado ionekane halali. Soma tena hapo. Mwanasheria mkuu alikuwa anajua. Kilichomsumbua ni isijulikane.

Na ilijulikana baada ya miaka 50 na zaidi. Wazee wetu waliishtaki serikali ya Uingereza kule London. Mmoja wao alikuwa Jane Muthoni Mara, aliyepelekwa akiwa msichana mdogo kambi ya Gatithi, ndani ya ile Embu ya zamani, na kuteswa kwa njia ambazo sitaandika hapa kwa heshima yake. Serikali ya Uingereza ilisema kwanza kwamba deni hilo ni la Kenya, halafu ikasema muda umepita sana. Lakini wakati kesi inaendelea kukapatikana faili. Kumbe wakati wa uhuru Waingereza walibeba makaratasi yao hadi Uingereza na kuyaficha sehemu inaitwa Hanslope Park. Mwaka 2011 yakatoka. Mwaka 2012 jaji akasema kesi inaweza kuendelea. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Baba ya shosho hakupata chochote, alikuwa amekufa zamani. Alirudi kutoka Mwea mwaka 1958. Shosho anakumbuka jambo moja: hakuweza kulala mlango ukiwa umefungwa. Hata mvua ikinyesha, hata fisi wakilia, mlango uliachwa wazi. Watoto walilala na baridi na hakuna aliyemuuliza.

Kutoka masaa 24 hadi siku 14

Ningependa kuandika kwamba uhuru ulikuja na mambo yakaisha. Hayakuisha. Serikali mpya ilirithi ofisi, magari, na pia sheria ya kuzuilia watu bila kesi.

Kwa wale hamjawahi kusikia, Nyayo House pale Nairobi, ile nyumba mrefu ya kahawia ambapo watu wanaenda kutafuta pasipoti, ina seli chini ya ardhi. Kuanzia 1986, wakati serikali ya Moi ilikuwa inasaka watu wa Mwakenya, walimu, wanafunzi na mawakili walipelekwa huko. Mtu mmoja kwa seli moja, giza, wengine wakimwagiwa maji wakakaa ndani yake siku nzima. Baada ya wiki kadhaa mtu alitolewa, akapelekwa kortini jioni watu wakiwa wameenda nyumbani, bila wakili, akakubali mashtaka, akafungwa. Kesi nzima dakika chache. Ukijiuliza kwa nini walikubali, jiulize ungekubali nini wewe baada ya wiki tatu bila kujua kama ni mchana au usiku.

Hapa Meru inaingia. Mwanzoni mwa 1987 wakili Gibson Kamau Kuria alitoa taarifa kwamba ataishtaki serikali kwa niaba ya watu walioteswa kizuizini. Alichopata ni kwamba Februari yeye mwenyewe akatiwa kizuizini. Wakili akageuka kuwa mteja. Mwenzake wa ofisi, kijana kutoka Imenti Kusini aliyeitwa Kiraitu Murungi, ndiye aliyebaki na faili na kuipeleka kortini. Ndiyo, Kiraitu huyohuyo mnayemjua kama gavana wa zamani wa Meru. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu siasa zake za baadaye, mimi nina yangu. Lakini mwaka 1987 kubeba ile faili kulihitaji moyo.

Mwaka uliofuata, 1988, Bunge likabadilisha katiba haraka haraka. Mtu aliyeshukiwa kwa kosa linalobeba hukumu ya kifo angeweza kukaa na polisi siku 14 kabla ya kuona hakimu, badala ya masaa 24. Na mabadiliko hayohayo yakaondoa ulinzi wa kazi ya majaji. Tazama ujanja huo: unaongeza muda wa mtu kukaa gizani, halafu unampunguzia nguvu yule mtu ambaye angewasha taa.

Mtoto mwingine wa Meru, wakili Gitobu Imanyara, alikuwa mhariri wa jarida la Nairobi Law Monthly. Alishikwa Julai 1990, siku zile za kuelekea Saba Saba. Akaachiliwa. Mwaka 1991 akashikwa tena kwa sababu ya alichochapisha. Ukibadilisha jarida uweke akaunti ya X, hiyo hadithi ni ya sai.

Na kuna Kenneth Matiba wa Murang'a, ambaye naye alizuiliwa Julai 1990 bila kesi. Alifungiwa peke yake Kamiti. Mwaka 1991 akapata kiharusi akiwa huko ndani. Alitoka, akagombea urais 1992 na kuwa wa pili, lakini mwili haukurudi kuwa ule. Mwaka 2017 mahakama iliamua alipwe zaidi ya shilingi milioni 500. Alifariki mwaka uliofuata. Mzae alikuwa na hoteli, alikuwa na pesa, alikuwa ameupanda mlima Everest hadi mwili ukamkataa. Chumba kimoja kisicho na mtu wa kuongea naye kilimshinda.

Ndiyo maana Umoja wa Mataifa, kwa zile kanuni za mwaka 2015 zilizopewa jina la Mandela, umeweka hesabu. Kufungiwa peke yako maana yake ni masaa 22 au zaidi kwa siku bila kuzungumza na binadamu kwa njia yenye maana. Ikizidi siku 15 mfululizo, hairuhusiwi kabisa. Na hiyo ni hata kwa mtu aliyehukumiwa. Wewe ambaye bado ni mshukiwa tu, kisheria huna kosa.

Kilichoandikwa 2010

Sheria ya kuzuilia watu bila kesi iliondolewa 1997. Halafu tarehe 27 Agosti 2010 tukapata katiba mpya, na ukiisoma ukijua hiyo historia, unaona kila mstari una mtu nyuma yake.

Kifungu cha 49 kinasema ukishikwa uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoelewa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuongea na wakili na mtu mwingine anayeweza kukusaidia. Usichanganywe na wafungwa waliohukumiwa. Ndani ya masaa 24 ufikishwe kortini, na yakiisha siku ambayo korti haifanyi kazi, basi siku ya korti inayofuata. Hapo ndipo mchezo wa kushika watu Ijumaa unatoka. Na una haki ya dhamana, isipokuwa kuwe na sababu nzito.

Kifungu cha 51 kinasema ukiwa kizuizini bado una haki zako zote, isipokuwa zile ambazo haziwezekani ukiwa umefungiwa. Kifungu cha 25 kinataja vitu ambavyo serikali haiwezi kupunguza hata kidogo. Kutoteswa ni kimoja. Kingine ni haki ya korti kuagiza mtu aliyezuiliwa aletwe mbele yake akiwa hai, ile mawakili wanaiita habeas corpus, Kilatini cha "lete huo mwili".

Kwa hivyo tuko sawa, si ndio?

Embu, tena

Agosti 2021 vijana wawili ndugu wa Kianjokoma, Embu, walishikwa usiku kwa kosa la kukiuka kafyu. Kosa ambalo lingeisha kwa faini. Familia iliwatafuta, ikawapata mochari. Polisi walisema waliruka kutoka kwa gari. Upasuaji ulionyesha majeraha ya kichwa na mbavu. Maofisa sita walishtakiwa kwa mauaji.

Tarehe 21 Desemba 2024 kijana mwingine wa miaka 24 alichukuliwa Embu mjini akiwa kwa kinyozi, na watu waliofunika nyuso. Wengine walichukuliwa sehemu nyingine za nchi wiki hiyo, wengi kwa sababu ya walichoposti. Polisi walisema hawako nao. Kwa kitabu, majina hayapo. Vijana wa Embu wakaingia barabarani, familia zikaenda kortini, korti ikaagiza waletwe. Tarehe 6 Januari 2025 akaachiliwa. Hesabu siku: 16. Tume ya haki za binadamu ya kitaifa ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa hivyo tangu Juni 2024.

Nilipoona mama yake akilia kwenye video nilimwonyesha shosho. Aliangalia hadi mwisho, akasema tu, "Mama yangu alikuwa anatembea hivyo kwa chifu."

Sasa lazima niwe mkweli. Kitabu pekee hakitoshi. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alishikwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, akaandikwa kituoni, na akafia huko. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Madaktari wa upasuaji walikataa hilo. Jina lake lilikuwa kwa kitabu.

Nimefikiria hii sana, kwa sababu inaharibu somo la shosho. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Kwa sababu aliandikwa, kulikuwa na tarehe, saa, kituo, na majina ya waliokuwa zamu. Hadithi ya ukuta haikumaliza wiki. Waliokuwa zamu wakaanza kuulizwa maswali, na kesi ya mauaji ikafunguliwa. Wale wa Mwea walingoja zaidi ya miaka 50 na sanduku za siri kutoka Uingereza ili mtu akubali tu kwamba walikuwa pale. Kitabu hakikuokoa maisha ya Ojwang, na hiyo inauma. Kilichofanya ni kuwanyima nafasi ya kusema hakuwahi kufika.

Kwa hivyo ufanye nini

Mambo machache, na mnaweza kuyatuma kwa grupu za familia:

Ukishikwa, sema jina lako kwa sauti mbele za watu, na uulize unapelekwa kituo gani. Mama wa ndizi alijua nilipo kwa sababu alisikia.

Ukiwa kituoni, omba namba ya OB. Ukiulizwa kitu, una haki ya kunyamaza hadi wakili afike. Namba ya siri ya simu usitoe kwa kuogopa tu.

Kama mtu wako ameshikwa, usiende peke yako, na usiende na matusi. Nenda na mzee. Uliza OB. Andika saa uliyofika na jina la ofisa aliye mezani. Dhamana ya polisi ni bure, hailipiwi "ya kitu kidogo".

Kama wanakataa kwamba wako naye, hapo ndipo wakili na korti wanaingia haraka, na hapo ndipo posti zetu zina kazi. Weka jina, mahali, saa. Usiweke uvumi.

Mimi sikuteswa. Nilikaa giza usiku mmoja nikisikia wengine wakicheka upande wa pili wa ukuta, na nakwambia kufikia asubuhi nilikuwa nimeshaanza kufikiria kuwapa ile namba ya siri, ingawa simu yenyewe ilikuwa na memes na picha za mbwa. Masaa machache tu na nilikuwa nataka kukubali chochote. Baba ya shosho alikaa miaka minne.

Shosho sasa amepata tabia mpya. Nikiaga naenda kurekodi, haniambii nijichunge. Anaangalia kalenda ukutani, ile ya duka la agrovet, na kuandika kwa kalamu: jina langu, nimeenda wapi, saa ngapi. Nikirudi, anakata mstari.